Uzi wa Yemayá wa Cuba: kilichomo ndani ya bakuli, kauri, nazi, sadaka za baharini na makosa yanayoharibu kazi

Bandari_Kuu

Wakuu, kila Septemba picha za sikukuu ya Regla, Cuba, zikianza kusambaa maswali huwa yale yale. Yemayá ni nani? Mbona sanamu yake ni ya Bikira Maria? Na ni kweli kwamba ukinunua sanamu ya mama mwenye gauni la buluu umeshamleta nyumbani? Nafungua uzi huu tuyaweke sawa. Hapa tunamzungumzia Yemayá wa Cuba, mungu wa kike wa bahari, ndani ya dini ambayo wenyewe wanaiita Regla de Ocha au Lukumí, na watu wa nje wanaijua kwa jina la Santería. Iemanjá wa Brazil ana taratibu zake, msizichanganye, ingawa asili yao ni moja: Yemoja wa Wayoruba, ambaye kule Nigeria ni wa mto Ogun.

Bahari ilikuja baadaye. Dola ya Oyo iliposambaratika katika karne ya 19, maelfu ya mateka Wayoruba waliuzwa na kuvushwa Atlantiki hadi mashamba ya miwa ya Cuba, na utumwa haukufutwa kule hadi 1886. Waliomtumikia Yemoja wa mtoni wakajikuta kisiwani, wamezungukwa na maji chumvi kila upande, na mama wa mto akawa mama wa bahari. Ila si bahari yote. Vilindi, kule mwanga usikofika, ni vya Olokun, mungu mwingine. Yemayá ni maji ya juu: mawimbi, mwambao, samaki, uhai.

Regla ni mji mdogo ng'ambo ya bandari ya Havana, unavuka kwa kivuko wanachokiita lanchita. Kanisani mna Bikira mweusi aliyempakata mtoto mweupe, ambaye waumini wanamwona Yemayá, na ibada yake ilitoka Chipiona, kusini mwa Hispania. Sikukuu yake ni 7 Septemba. Kesho yake, tarehe 8, ni zamu ya Bikira wa Caridad del Cobre, ambaye waumini wanamwona Ochún, mdogo wake Yemayá. Vyama vya Waafrika, yaani cabildo, vilikuwa vikitoka barabarani Regla na ngoma za batá siku hizo. Cabildo inayokumbukwa zaidi ni ile ya babalawo (kuhani wa ramli) Remigio Herrera, Adechina, aliyefariki 1905. Baada yake iliongozwa na bintiye Josefa, maarufu Pepa.

Neno langu kuu ni hili: Yemayá hakai kwenye sanamu. Sanamu ni pambo. Anakaa kwenye mawe na kauri, ndani ya maji, ndani ya bakuli lenye mfuniko. Asiye na hivyo hana Yemayá, hata ukuta mzima ukijaa picha.

Kisima_Tanga

Shukrani kwa uzi, mkuu. Sasa hilo bakuli ndani mna nini hasa? Mitandaoni kila mtu anasema lake.

MamaKaure

Ndugu Kisima, bakuli lenyewe ni lile la kuwekea supu mezani, la kaure, lenye mfuniko. Wacuba wanaliita sopera. La Yemayá ni la buluu, au jeupe lenye maua ya buluu, au lenye michoro ya samaki na mawimbi. Rangi ya bakuli ni upendo wa mwenyewe. Yaliyomo ndiyo sheria.

Kwanza mawe, wanayoyaita otá. Namba ya Yemayá ni saba, kwa hiyo mawe saba, ya mwambao, meusi au ya kijivu iliyokolea, laini, magumu. Hayaokotwi tu yakatiwa humo. Kila jiwe linaulizwa kwa nazi kama linakubali kazi, na linalokataa linarudishwa. Jiwe linalomeguka halifai, kwa sababu litaoshwa na kushikwa miaka mingi. Yakishaingia kwenye ibada ya kuzaliwa, yaani ya kuwekwa wakfu, hayabadilishwi.

Pili kauri 18. Hizo atazieleza anayezijua kuliko mimi.

Tatu zana zake, ambazo desturi ni za risasi: nanga, usukani wa meli, makasia, mwezi, jua, nyota, ufunguo. Huongezwa bangili saba. Pembeni ya bakuli panakaa kayamba la kibuyu lililopakwa buluu na nyeupe, la kumwitia.

Nne maji ya bahari. Hapa ndipo wengi wanapokosea. Maji yanapopungua ndani ya bakuli, kinachoondoka ni maji matupu, chumvi inabaki. Mtu akijaziliza kwa maji ya bahari tena na tena, chumvi inazidi mpaka inaganda ukingoni, inazishika zana na kuupasua mng'aro wa kaure. Ongeza maji baridi yasiyo chumvi kurudisha kipimo, na mara kwa mara mwaga yote uanze na ya bahari mapya. Mfuniko ukae sawasawa, la sivyo mbu watataga humo. Na kwa kuwa zana ni za risasi, maji hayo hayanywewi, hayapikiwi, wala mtoto haogeshwi nayo. Risasi ni sumu, na utakatifu wa bakuli hauondoi hilo.

Mpangilio: kwenye kabati la miungu, canastillero, Obatalá ndiye wa juu kabisa. Olokun haingii bakuli la Yemayá kamwe. Ana mtungi wake mkubwa, wenye maji, peke yake. Matanzas kuna ukoo mzima wa Olokun unaotajwa kwa jina la Fermina Gómez, na hata Havana namna ya kumpokea Olokun si moja: kuna ya babalawo na kuna ya nyumba za Ocha.

Lubumbashi_Moja

Samahani wazee, huyu si ndiye Mamba Muntu wetu? Mwanamke nusu samaki, nywele ndefu, anatoa utajiri halafu anadai.

Bandari_Kuu

Hapana, ndugu. Mamba Muntu wa michoro ya Katanga ni wa ukoo wa Mami Wata, na sura ya Mami Wata yenye nyoka shingoni ilienea kutokana na picha ya rangi iliyochapwa Hamburg, Ujerumani, mwishoni mwa karne ya 19, ya mwanamke mcheza na nyoka. Ule ni mkataba wa mtu mmoja na kiumbe wa majini: mali, siri, masharti. Yemayá ni mama wa nyumba nzima ya waumini. Anarithishwa kwa mikono ya waliotangulia, ana mwiko na kalenda, na huendewi kwa siri. Cuba ukitaka kilicho karibu na Kongo tafuta dini ya Palo, iliyotoka kwa Wakongo. Ndani yake yumo Madre de Agua, na waumini wengi wanamlinganisha na Yemayá, lakini vyombo vyao havichanganywi.

Kauri18

Nichukue zamu ya kauri, kwa sababu hapa Bahari ya Hindi imo ndani ya jambo lenyewe.

Kauri zilizotumika kama fedha, zile ndogo za manjano-nyeupe, haziishi Atlantiki. Huzipati pwani ya Nigeria wala pwani ya Cuba. Ni za Bahari ya Hindi na Pasifiki. Afrika Magharibi zilifika kwa biashara: kwanza zile za Maldivi, kisha kuanzia miaka ya 1840 makampuni ya Hamburg yakaanza kupakia Zanzibar na pwani hii ya kwetu kauri kubwa kidogo zenye pete ya rangi ya dhahabu mgongoni, na kuzimwaga Lagos na Ouidah kwa wingi kiasi kwamba thamani ya kauri kama fedha iliporomoka. Kwa hiyo kila kauri halisi inayosema kwa niaba ya Yemayá huko Havana, chimbuko lake ni maji ya upande huu wa dunia au ya Pasifiki.

Kuitengeneza: kauri ina mdomo wenye meno upande mmoja na mgongo wa duara upande wa pili. Ikibaki na mgongo wake itaangukia upande mmoja karibu kila mara. Kwa hiyo mgongo unasuguliwa kwa tupa au jiwe mpaka unafunguka, na kauri inalala sawa pande zote mbili. Mdomo wa asili ndio unaosema. Makosa mawili: kusugua sana mpaka ukingo unakuwa mwembamba na kupasuka ukirushwa, au kusugua kauri moja zaidi ya nyenzake, ikawa nyepesi na kuegemea upande. Kabla ya kuzitumia zirushe zote mara nyingi juu ya mkeka. Inayong'ang'ania upande mmoja itolewe.

Seti ya Yemayá, wanayoiita mkono, ni kauri 18. Zinarushwa 16, mbili zinakaa pembeni, hazisemi. Eleguá, mungu wa njia panda, yeye ana 21. Unahesabu midomo iliyo juu: 1 ni Okana, 2 Eyioko, 3 Ogunda, 4 Irosun, 5 Oshe, 6 Obara, 7 Odi, 8 Eyeunle, 9 Osa, 10 Ofun, 11 Ojuani, 12 Eyila. Ikija 13 na kuendelea, msomaji wa kauri anafunga mkeka na kumpeleka mteja kwa babalawo. Yemayá anasema hasa katika Odi, ile ya saba.

Kila jibu ni mirusho miwili, ya kwanza jina na ya pili jina, mfano Odi-Obara. Kisha inaulizwa kama jibu limekuja na heri, ire, au na balaa, osogbo, kwa vitu viwili ambavyo mteja anavificha mikononi, kimojawapo kikiwa jiwe dogo au chaki ya maganda ya mayai. Hapa wanafunzi wanajikwaa. Majibu haya yenye majina huitwa odu. Odu kubwa ni 1, 2, 3, 4, 8, 10 na 12: ikitoka, unaomba mkono wa kushoto papo hapo. Odu ndogo ni 5, 6, 7, 9 na 11: lazima urushe tena ulinganishe kabla ya kuomba mkono. Anayeomba kushoto baada ya Odi bila kurusha tena amevuruga usomaji wote uliobaki, kwa sababu atapewa heri mahali pa balaa.

Kisima_Tanga

Na nazi je? Wengine wanasema nazi inatosha kwa maswali ya kila siku.

Kauri18

Inatosha kwa ndiyo na hapana. Nazi kavu, iliyofuliwa, ipasuliwe ikiwa mkononi, kwa nyundo au jiwe. Kuipiga sakafuni ni kumvunjia heshima Obi, mwenye nazi. Chukua vipande vinne vinavyolingana, vioshe kwa maji baridi. Kwa Yemayá unamegua ncha ndogo ndogo saba kwa kucha, unaziweka juu ya bakuli lake, kisha unauliza na kuangusha.

Vinne vyeupe juu: Alafia, ndiyo yenye baraka, lakini uliza tena kuthibitisha. Vitatu: Etawa, jambo linawezekana, rudia. Viwili kwa viwili: Eyeife, ndiyo imara, usiulize tena. Kimoja: Okana, hapana. Vyote vyeusi: Oyekun, simamisha kila kitu, washa mshumaa, uliza wafu wanataka nini.

Vipande vikiwa sawa kabisa, Eyeife hutoka takriban mara 6 katika 16, Alafia na Oyekun mara 1 tu kila kimoja. Ukiona Alafia inakuja mfululizo, kabla ya kushangilia kagua vipande. Kipande kilichojikunja kama kijiko hulala upande mmoja. Nazi iliyokaa wazi usiku kucha inakauka na kujikunja, kwa hiyo ipasuliwe siku hiyo hiyo.

Nyuzi7

Niongezee shanga, maana hapa mauzo ya mitandaoni yamepotosha wengi. Mkufu wa Yemayá, eleke, ni wa shanga za kioo: saba buluu, saba nyeupe au za kioo angavu, kwa zamu. Njia yake fulani, yaani sura yake mojawapo, au nyumba fulani inaweza kuongeza rangi kidogo, na hilo analijua mama mlezi, madrina, si muuzaji. Uzi uwe wa pamba. Uzi wa nailoni haunywi maji ya majani ambamo mkufu unaoshwa, na haukatiki. Mkufu unatakiwa kuweza kukatika, kwa kuwa ukikatika waumini wanasema umechukua kilichokuwa kinakujia. Ukikatika, okota shanga zote, zipeleke kwa mama mlezi atunge upya na kuuosha. Hauvaliwi kuogea, kulalia, wala wakati wa tendo la ndoa, na mwanamke anauvua siku zake za hedhi.

Kabla ya kuoshwa, mkufu ule ni shanga za dukani tu.

Maji ya kuoshea ni omiero: majani mabichi yanayochanwa kwa mikono ndani ya maji huku yakiimbiwa. Hayachemshwi. Kwa Yemayá yanatafutwa ya maji na ya ubichi: mboga ya danga-danga, yaani ile verdolaga ya Wacuba, salata, majani ya mnili, na ua la maji, ndugu yake gugumaji linaloziba Ziwa Victoria. Humo pia mnaingia maji ya mto, ya mvua na ya bahari, asali, chaki ya maganda ya mayai na siagi ya kakao. Omiero haihifadhiki. Joto la siku moja mbili linatosha kuichachusha, kwa hiyo inatengenezwa kwa kazi iliyopo.

Bluu ya kufulia nayo inatumika sana, kwenye maji ya kuoga na kwenye glasi mbele yake. Chembe ndogo tu. Ikizidi inapaka ngozi na shuka na haitoki kirahisi.

Mwambao_Kusini

Vyakula sasa, kwa ufupi. Tikiti maji ndilo tunda lake, na asali ya miwa, ile nyeusi nzito, ndiyo utamu wake. Ndizi mbichi zilizokatwa nyembamba na kukaangwa, ngozi ya nguruwe iliyokaangwa ikakauka, peremende za nazi. Siku yake ni Jumamosi. Asali ya nyuki ni ya Ochún, na kwake lazima uionje kwanza mbele yake, kwa sababu ya simulizi ya kutiliwa sumu. Waumini hawabadilishani hizi.

Sadaka ya baharini iliyo rahisi na inayokubalika nyumba nyingi: tikiti maji moja zima, unakata kifuniko juu, unatoa nyama kidogo, unamwaga asali ya miwa ndani, unatia sarafu saba, unafunika. Unakwenda ufukweni, unamsalimu, unaomba, unaliachia majini. Yanayoharibu: kutumbukiza wakati maji yanajaa, mawimbi yakalirudisha mchangani mbele ya macho yako. Angalia maji yanapokupwa ndipo uachie. La pili ni takataka. Sahani ya plastiki, chupa, utepe wa nailoni, glasi, vyote hivyo si chakula cha Yemayá, ni jeraha kwake. Salvador kule Bahia, kwenye sherehe kubwa ya Iemanjá ya 2 Februari, wameanza kuhimizana kupeleka vinavyooza tu, na Wacuba wanafaa kuwafuata katika hili. Maua bila karatasi yake. Manukato yamwagwe, chupa irudi nyumbani.

Ustadhi_K

Nawaheshimu wote, lakini haya kwetu ni majini na kafara. Na wanyama wanachinjwa bure.

Bandari_Kuu

Ustadhi, karibu. Itikadi yako ni yako na hakuna anayekuvuta hapa. Kuhusu kuchinja nifafanue. Yemayá hupewa kondoo dume, bata, jogoo na kanga, na bata ndiye mnyama wake hasa. Kondoo dume ni wake na wa Changó, mungu wa radi, ambaye Yemayá ndiye aliyemlea, na wawili hao hula pamoja. Mnyama hukatwa shingo haraka na mtu aliyeruhusiwa kushika kisu, damu inaanguka kwenye mawe, na nyama inapikwa na kuliwa na waliohudhuria. Isiyoliwa ni ile ya kumsafisha mgonjwa, kwa sababu imebeba kilichomtoka. Marekani jambo hili lilifika Mahakama ya Juu kabisa: mji wa Hialeah, Florida, ulipiga marufuku, kanisa la Lukumi Babalu Aye likashtaki, na mwaka 1993 majaji wote walitoa uamuzi kwamba sheria zile zilikuwa zinaibana dini.

MamaKaure

Kabla watu hawajauliza: Yemayá hujipi mwenyewe. Hakuna kifurushi cha posta wala kuapishwa kwa simu. Kwa kawaida mtu anaanza na mikufu, kisha miungu wapiganaji, yaani Eleguá, Ogún, Ochosi na Osun. Kuwekewa Yemayá kichwani, kariocha, ni siku saba ndani, chini ya oriaté, msimamizi wa ibada, na mama mlezi na msaidizi wake, oyubona. Baadaye ni mwaka mmoja na siku saba za kuvaa nyeupe. Miezi mitatu ya kwanza ndiyo mikali: kula chini, juu ya mkeka, kwa kijiko, bila kujitazama kwenye kioo. Anayekuahidi mkato wa njia hii anakuuzia vyombo vya kaure.

Njia zake ni nyingi, na si mapambo ya majina. Asesú ni wa maji machafu na yaliyotulia, anajibu polepole. Okute ni mke wa Ogún, mungu wa chuma, na ni wa miamba, ana panga, hataki utani. Achabá alikuwa mke wa Orula, mungu wa ramli, huvaa mkufu wa fedha mguuni na husikiliza amekupa mgongo. Awoyó ndiye mkubwa, mwenye sketi saba. Njia huamuliwa na kauri siku ya kuapishwa, si kwa tabia unazojiona nazo.

Kisima_Tanga

Swali la mwisho kwangu: mtu akialikwa kwenye ngoma ya Yemayá, Havana au Miami, afanye nini asikosee?

Bandari_Kuu

Vaa nguo nyepesi za rangi ya mwanga. Nyeusi iache nyumbani. Usikunje mikono kifuani wala kuweka mguu juu ya mguu mbele ya mawe au mbele ya ngoma. Batá ni tatu: okónkolo ndogo, itótele ya kati, na iyá, mama, kubwa. Mbele ya ngoma zilizowekwa wakfu huchezi kama hujatambulishwa kwazo. Simama nyuma, itikia nyimbo. Noti ndogo iwe tayari ya kuweka kwenye kibuyu mbele yao.

Kusujudu mbele ya bakuli ni kwa walioapishwa, na kuna tofauti. Mwenye miungu wa kiume kichwani hulala kifudifudi, mikono pembeni. Mwenye wa kike, kama watoto wa Yemayá, hulala ubavu, akiegemea kiwiko, kwanza upande mmoja kisha wa pili, na mkubwa wake anamgusa mabega kumwinua. Wewe mgeni inama kidogo, gusa sakafu kwa ncha za vidole, busu vidole, inatosha. Yemayá akipanda kichwani mwa mtu, utamjua kwa kicheko chake kikubwa na sketi zinazozungushwa. Akikujia, mpokee, sikiliza analosema, na mwombe mwenyeji akutafsirie. Maneno yake huwa ni Kilukumí kilichochanganyika na Kihispania cha zamani. Usimpige picha.